Fungu la Mfalme

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 31:2-10



Tunaposikia Agano la Kale likisomwa kanisani, majina ya wafalme wa Yuda hutupita masikioni kama majina ya vituo vya gari moshi katika nchi ya ugenini. Tunasikia Uzia, Yothamu, Ahazi, Hezekia, Manase, nasi tunangoja msomaji amalize ili tuketi. Leo nawaomba tushuke katika kituo kimoja tu, kile cha Hezekia. Na katika maisha yake marefu nataka tutazame hasa jambo moja ambalo mwandishi wa Mambo ya Nyakati amelitaja kwa sentensi moja, kisha akaendelea na habari nyingine: mfalme alitenga fungu kutoka mali yake mwenyewe kwa ajili ya sadaka za Hekaluni.

Ili tupate uzito wa sentensi hiyo, yatupasa kwanza kujua Hezekia alirithi nini.

Baba yake, Ahazi, alitawala Yuda miaka 16. Wafalme wa Damasko na wa Israeli walipomwinukia pamoja, alishikwa na hofu, akapeleka ujumbe kwa Tiglath-Pileseri, mfalme wa Ashuru, kumwomba amwokoe. Msaada wa namna hiyo haupatikani bure. Ahazi alichukua fedha na dhahabu iliyokuwa katika Nyumba ya Bwana na katika jumba la kifalme, akampelekea Mwashuri huyo. Alipokwenda Damasko kumlaki bwana wake mpya, aliona huko madhabahu iliyompendeza. Akatuma mfano wake kwa kuhani Uria, na Uria, badala ya kumpinga mfalme, akaijenga kabla mfalme hajarudi. Madhabahu ya shaba ya Bwana ikasogezwa kando. Mwishowe Ahazi alivivunja vyombo vya Hekalu, akaifunga milango yake, na kujenga madhabahu za miungu katika kila pembe ya Yerusalemu. Maandiko yanasema pia kwamba alimpitisha mwanawe motoni.

Hiyo ndiyo nyumba aliyokulia Hezekia. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo ni ya kweli mara nyingi, lakini neema ya Mungu haifungwi na methali. Kutoka nyumba ile ya Ahazi alitoka mtu ambaye Kitabu cha Wafalme kinamsifu kwa kumtumaini Bwana kuliko wafalme wote wa Yuda. Je, ni mama yake, Abiya binti Zekaria, aliyemfundisha? Je, ni nabii Isaya, aliyekuwa akihubiri Yerusalemu siku zile? Biblia haikutufunulia. Inatuambia tu kwamba alipokalia kiti cha enzi alikuwa na umri wa miaka 25, na kwamba hakungoja.

Katika mwaka wa kwanza wa utawala wake, mwezi wa kwanza, aliifungua milango ya Nyumba ya Bwana na kuitengeneza. Aliwakusanya makuhani na Walawi katika uwanja wa upande wa mashariki, akawaambia wajitakase na kuitakasa Nyumba. Alikiri mbele yao kwamba baba zetu wamekosa. Angalieni, hakumtaja baba yake kwa jina ili kumwaibisha, wala hakujitenga na kosa hilo kana kwamba ni la watu wengine. Alisema "baba zetu". Kiongozi anayeanza kazi kwa kumsimanga aliyemtangulia hupata makofi ya siku moja. Hezekia alitafuta toba, si makofi.

Kazi ya usafi ilichukua siku 16. Makuhani waliingia ndani wakaondoa uchafu wote uliokuwamo, na Walawi wakaupokea na kwenda kuutupa katika kijito cha Kidroni. Hapo mwandishi anatupa habari ambayo sisi mapadre tungependa kuiruka. Siku ya sadaka ya kwanza, makuhani waliojitakasa walikuwa wachache mno hata hawakuweza kuwachuna wanyama wote, ikabidi ndugu zao Walawi wawasaidie. Maana Walawi walikuwa na moyo mnyofu wa kujitakasa kuliko makuhani. Nyinyi makatekista mkisoma aya hiyo, msiisome kwa majivuno. Nasi mapadre tusiisome haraka.

Sasa fikirini hali ya mfalme huyu. Hazina ya Hekalu ilikuwa imekwisha kutolewa kwa Ashuru. Nchi ililemewa na kodi ya wageni. Kaskazini, ufalme wa Israeli ulikuwa unakufa au umekwisha kufa. Samaria ilianguka mnamo mwaka 722 kabla ya Kristo, na watu wake wengi wakapelekwa uhamishoni. Mshauri yeyote mwenye busara ya dunia angemwambia: "Mfalme, si wakati wa mambo ya Hekalu. Jenga kuta, nunua farasi, ibada itangoja." Ndugu zangu, ibada inapowekwa katika orodha ya mambo yanayoweza kungoja, hungoja milele.

Hezekia aliita taifa zima kwenye Pasaka, tangu Beer-Sheba hadi Dani, maana yake hata ndugu wa kaskazini waliotengana na Yerusalemu tangu siku za Yeroboamu. Matarishi walipita na barua za mfalme katika Efraimu na Manase hadi Zabuloni. Wengi waliwacheka na kuwadhihaki. Lakini watu kadhaa wa Asheri, Manase na Zabuloni walijinyenyekeza, wakaja. Na kwa kuwa makuhani hawakuwa tayari mwezi wa kwanza, Pasaka iliadhimishwa mwezi wa pili, tarehe 14. Huo haukuwa uamuzi wa kubuni. Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 9, ilikuwa imeruhusu hivyo kwa aliyetiwa unajisi au aliyekuwa safarini. Wengine walikula bila kujitakasa kama ilivyopasa, na mfalme, badala ya kuwafukuza, aliwaombea kwa Mungu, naye Bwana akamsikia. Baada ya siku saba za sikukuu, mkutano wote ukakubaliana kuongeza siku saba nyingine kwa furaha.

Ni hapo ukarimu wa mfalme unapoonekana kwa mara ya kwanza katika hesabu. Hezekia aliwapa watu mafahali 1,000 na kondoo 7,000. Wakuu wake, walipoona hivyo, wakatoa mafahali 1,000 na kondoo 10,000. Tazameni: wakuu walimpita mfalme kwa kondoo, na hakuna dalili yoyote kwamba mfalme alichukia.

Hata hivyo, kutoa siku ya sikukuu si jambo gumu sana. Watu wanatazama, nyimbo zinaimbwa, moyo umechangamka. Jambo gumu ni kutoa siku ya Jumanne, mvua inaponyesha na hakuna anayeona. Hilo ndilo linaloelezwa katika sura ya 31. Sikukuu ilipokwisha, Hezekia aliwapanga makuhani na Walawi katika zamu zao, kisha akaweka fungu la mfalme kutoka mali yake mwenyewe kwa ajili ya sadaka za kuteketezwa: za asubuhi na za jioni, za sabato, za mwezi mwandamo, na za sikukuu zilizoamriwa.

Tuhesabu kidogo. Sheria iliagiza wana-kondoo wawili kila siku, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Hao peke yao ni zaidi ya 700 kwa mwaka. Kila sabato waliongezwa wawili. Kila mwezi mwandamo waliongezwa mafahali wawili, kondoo dume mmoja na wana-kondoo saba, pamoja na unga, mafuta na divai. Hapo hatujagusa Pasaka wala Sikukuu ya Vibanda, ambayo sadaka zake zilikuwa nyingi kuliko zote. Huo ndio mzigo alioutwaa mfalme, nao ulikuwa mzigo wa kila kukicha.

Sasa angalieni mpangilio wa aya. Aya ya 3 yasema mfalme alitoa. Aya ya 4 yasema mfalme aliwaagiza wakazi wa Yerusalemu wawape makuhani na Walawi fungu lao, ili wapate kujitoa kwa ajili ya Sheria ya Bwana. Aya ya 5 yasema, mara agizo lilipoenea, watu walitoa kwa wingi malimbuko ya nafaka, divai, mafuta na asali, na zaka ya vitu vyote. Tatu, nne, tano. Mfalme hakuanza na aya ya 4. Sisi viongozi wengi twaanza na aya ya 4, kisha twashangaa kwa nini aya ya 5 haifiki.

Niruhusuni niseme habari yangu mwenyewe. Zamani, nikiwa paroko kijijini, kila wakati wa mavuno nilihubiri juu ya zaka, tena kwa ukali. Jumapili moja baada ya Misa tulikutana na halmashauri ya walei, na daftari la zaka likafunguliwa mezani. Mama mmoja mzee, mjane, mkulima wa mahindi, aliuliza kwa adabu kabisa: "Baba Paroko, samahani, jina lako tuliandike ukurasa upi?" Hakuna aliyecheka. Nililipitia daftari lile kana kwamba natafuta, ingawa nilijua halimo. Mwezi uliofuata nilitoa kidogo, kwa haya zaidi kuliko kwa upendo, na jina langu likaandikwa. Mahubiri yangu juu ya zaka yalipungua urefu tangu siku hiyo, na nadhani yalianza kusikika.

Turudi Yerusalemu. Watu walianza kuleta mwezi wa tatu, wakati wa mavuno ya ngano, wakamaliza mwezi wa saba, zabibu na matunda yalipokusanywa. Vitu vikawekwa chungu chungu. Hezekia na wakuu walipokuja na kuviona, walimhimidi Bwana na kuwabariki watu wake. Kisha mfalme akauliza habari za zile chungu. Kuhani mkuu Azaria, wa nyumba ya Sadoki, akajibu kwamba tangu watu walipoanza kuleta sadaka, wao wamekula na kushiba, na kilichobaki ndicho hicho kingi anachokiona.

Mfalme akaamuru vyumba vya akiba vitayarishwe. Konania Mlawi akawekwa kuwa msimamizi, na Shimei ndugu yake kuwa wa pili wake, na chini yao wasimamizi kumi. Kore mwana wa Imna, bawabu wa mashariki, aliwekwa juu ya sadaka za hiari, na watu sita wakamsaidia kugawa kwa uaminifu katika miji ya makuhani, kwa wakubwa na wadogo sawasawa. Mwandishi amewataja wote kwa majina yao. Sisi twaona majina hayo kuwa ya kuchosha, lakini Roho Mtakatifu hakuyaona hivyo. Mali ya Mungu huhitaji majina, hesabu na mlango wenye ufunguo. Waumini wakijua nani ameshika, kiasi gani kimeingia na kimekwenda wapi, mkono hufunguka. Wasipojua, mkono hufumba, na kosa si lao peke yao.

Na shabaha ya agizo lile ilikuwa nini? Walawi wapate nafasi ya kuitumikia Sheria. Baadaye, siku za Nehemia, mafungu ya Walawi hayakutolewa, nao wakakimbilia kila mtu shambani kwake, Nyumba ya Mungu ikaachwa. Ndugu waumini, katekista wa kigango chenu naye ana watoto wanaohitaji madaftari na dawa. Akilazimika kuacha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ili akalime kibarua, tusimlaumu yeye kwanza. Tuulize fungu lake liko wapi.

Ndugu wasikilizaji, kuna upande wa pili wa Hezekia ambao bila huo ukarimu wake ungekuwa hatari, nao ni utii. Babu wa baba yake, mfalme Uzia, alipopata nguvu aliingia Hekaluni na chetezo afukize ubani mwenyewe, kazi iliyokuwa ya makuhani, akapigwa na ukoma. Ahazi alipanda madhabahu yake ya Damasko na kutoa sadaka kwa mkono wake. Hezekia alilipia sadaka, lakini hakushika kisu cha kuhani. Aliwapanga Walawi na matoazi, vinanda na vinubi kwa kufuata agizo lililotoka kwa Daudi, kwa Gadi na kwa nabii Nathani. Alitoa kama mfalme, akasali kama muumini.

Parokia zetu zinayajua maumivu ya ukarimu usio na utii. Mtu hununua kengele, na tangu siku hiyo hutaka kengele ilie apendapo yeye. Mwingine hutoa mabati, kisha hudai kiti cha mbele na neno la mwisho katika kila kikao. Huyo hajatoa, amenunua. Sadaka ya kweli, ikishatoka mkononi, mtoaji huiachia Mungu na Kanisa lake.

Utii huo ulimgharimu Hezekia. Kitabu cha Wafalme kinasema alivunjavunja nyoka wa shaba, Nehushtani, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia ubani. Nyoka yule alitengenezwa na Musa mwenyewe jangwani kwa agizo la Mungu. Kuvunja sanamu ya Baali ni rahisi kwa mcha Mungu. Kuvunja kitu kitakatifu kilichogeuzwa kuwa mungu kunahitaji ujasiri wa namna nyingine. Wachimbuzi wa mambo ya kale nao wametuletea ushuhuda kidogo. Mwaka 1973, huko Beer-Sheba, yaligunduliwa mawe ya madhabahu kubwa yenye pembe nne, yamejengwa upya ndani ya ukuta wa ghala. Wataalamu wengi wanaona hapo alama ya matengenezo ya Hezekia. Na mwaka 2015 ilitangazwa habari ya kipande cha udongo, upana wake kama sentimita moja tu, kilichopatikana Yerusalemu karibu na ukuta wa kusini wa uwanja wa Hekalu, chenye muhuri wa Hezekia, mwana wa Ahazi, mfalme wa Yuda. Hata katika muhuri wake, jina la baba lilibaki.

Lakini nisiwachoree mtakatifu asiye na doa. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliishambulia Yuda. Katika maandishi yake anajivunia kuiteka miji 46 yenye ngome. Hezekia, mtu wa imani, aliogopa. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, akatozwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Ili kulipa, alitoa fedha yote ya Hekalu na ya jumba lake, akabandua dhahabu katika milango ya Hekalu, milango ile ile aliyoifunika kwa dhahabu yeye mwenyewe. Alifanya kile alichofanya baba yake. Wala haikumsaidia, kwani jeshi lilikuja hadi Yerusalemu. Ndipo alipopanda Nyumbani mwa Bwana na barua ya adui, akaikunjua mbele za Mungu, bila dhahabu ya kutoa, na Mungu akauokoa mji. Senakeribu katika majivuno yake yote hasemi popote kwamba aliuteka.

Tena kuna habari ya wajumbe wa Babeli, aliowaonyesha hazina zake zote, na Isaya akamkemea. Mtu aliyejua kutoa alishawishika kujionyesha. Na mwanawe Manase, aliyetawala miaka 55, aliyajenga tena yote ambayo baba yake aliyabomoa.

Je, basi, kazi ya Hezekia ilikuwa bure? Hapana. Kitukuu chake Yosia aliyafanya upya yale yale. Na karne nyingi baadaye mwandishi wa Mambo ya Nyakati, akiwaandikia watu maskini waliorudi kutoka uhamishoni, wenye Hekalu jipya na mifuko mitupu, alizitumia sura tatu nzima kwa ibada iliyorudishwa na Hezekia. Aliona kwamba watu wake walihitaji kusikia hilo kuliko habari za vita. Mwishoni, Mathayo Mwinjili akaliweka jina la Hezekia katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo, Mfalme ambaye fungu lake kutoka mali yake mwenyewe lilikuwa Mwili wake na Damu yake.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Juma hili, wewe baba wa familia, mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, katekista, nasi mapadre, kabla hatujasema neno lolote juu ya sadaka za wengine, tulifungue daftari tutafute jina letu. Tusipoliona, tuanze na aya ya 3.

Mungu Mwenyezi awabariki nyote, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.